Mwanga wa jua kwa sakulenti za ndani Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dodoma jua halikosekani, ndiyo maana wengi hushangaa sakulenti zao, yaani mimea ya majani au mashina manene yanayohifadhi maji, zinaporefuka na kupauka sebuleni, kisha zinaungua siku zinapotolewa nje. Majibu haya yanahusu nyumba za huku: zenye paa lililotokeza, baraza, nondo na wavu wa mbu madirishani, katika mji ulio nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari.

Sakulenti si mimea ya jangwani? Kwa nini nisiiweke juani tu?

Baadhi ni za jangwani, nyingine nyingi siyo. Haworthia asili yake ni kusini mwa Afrika, na porini mara nyingi huota chini ya kichaka au kwenye ufa wa jiwe, jua likiifikia kwa vipande. Echeveria nyingi, zile za majani yaliyojipanga kama waridi, zinatoka milima ya Meksiko, ambako jua lipo la kutosha lakini hewa ni ya baridi. Hata Sansevieria, zile za majani marefu yaliyosimama wima, kwenye vichaka vyetu vya kanda ya kati utazikuta zimejibanza chini ya miti ya miiba. Majani manene ni ghala la maji. Hayakuambii mmea unastahimili jua kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi. Jani lililokulia kivulini limejengwa kwa ajili ya kivuli. Halina rangi ya kutosha ya kulikinga, na ngozi yake ya juu ni laini zaidi. Mmea uleule, wa aina ileile, ukikulia juani unastahimili jua ambalo pacha wake wa sebuleni angeungua nalo kwa mchana mmoja. Kwa hiyo swali la kwanza ni mmea huu umetoka wapi, kabla hujauliza ni wa aina gani.

Basi zinahitaji jua kwa saa ngapi?

Kaktasi, Echeveria na Sedum ndizo zenye njaa kubwa ya mwanga. Zitafutie saa tano au sita za mwanga mkali kwa siku, na angalau sehemu yake iwe jua linalogusa majani. Crassula ovata, ile yenye shina la mti mdogo na majani ya mviringo, pamoja na aloe vera, zinaridhika na saa nne hivi, ila zikipata zaidi kwa kuzoezwa zinapendeza zaidi. Haworthia na ndugu yake Gasteria zinataka mwanga mwingi usio wa moja kwa moja, au jua la asubuhi kwa muda wa saa mbili tatu. Sansevieria inaishi hata kwenye kona yenye mwanga hafifu, lakini kuishi si kukua. Ukiisogeza karibu na dirisha utaona inatoa majani mapya ambayo kule kwenye kona haikuyatoa mwaka mzima.

Ningependa msomaji asizikariri saa hizi kama dozi ya dawa. Saa moja ya jua la saa mbili asubuhi na saa moja ya jua la saa nane mchana haziwi sawa kwa jani.

Mtandaoni wanasema dirisha zuri ni la kusini. Ni kweli hata kwa Dodoma?

Hapana, na hili ndilo linalowapoteza watu kuliko yote.

Ushauri huo umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Kwao jua la mchana liko upande wa kusini mwaka mzima, na majira ya baridi liko chini chini, kwa hiyo linaingia hadi katikati ya chumba. Wapo wanaougeuza wakasema kwetu basi ni kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Hilo linafaa Johannesburg au Sydney. Sisi tuko karibu mno na ikweta kwa kanuni hizo zote mbili.

Dodoma jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 8 au 9 Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba jua la mchana huegemea kaskazini, na miezi iliyobaki huegemea kusini. Lakini haliegemei sana. Juni 21, likiwa limekwenda kaskazini hadi mwisho wake, bado mchana liko nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba 21, upande wa kusini, liko nyuzi 73 hivi. Jua la juu namna hiyo haliingii ndani ya nyumba yenye paa lililotokeza. Chukua paa lililotoka ukutani sentimita 60: mchana wa Juni linashusha kivuli cha mita moja hivi kwenye ukuta wa kaskazini, na mchana wa Desemba linashusha kivuli cha karibu mita mbili kwenye ukuta wa kusini. Dirisha la kawaida linafunikwa lote au sehemu kubwa na kivuli hicho. Kama mbele yake kuna baraza, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo kwenye nyumba zetu mwanga wenye nguvu huingia kwa ubavuni: asubuhi kwa madirisha ya mashariki, alasiri kwa ya magharibi. Jua likiwa chini, paa haliwezi kulizuia.

Dirisha la mashariki ndilo ningelichagua kwa sakulenti karibu zote. Kuanzia jua linapochomoza hadi kama saa nne linagusa majani huku hewa na ukuta bado vimepoa, na joto la mchana linapofika mmea umeshaingia kivulini. Dirisha la magharibi lina nguvu ileile ya jua, lakini linaipata wakati mji umeshapata moto. Hapo weka kaktasi, Crassula na aloe iliyozoea, na Haworthia usiiweke. Kwenye dirisha la magharibi lenye kioo kilichofungwa, hakikisha majani hayagusi kioo, hasa Oktoba na Novemba kabla ya mvua, kipindi chetu cha joto kali zaidi.

Madirisha ya kaskazini na kusini yana kazi yake. Lile la kaskazini hupata jua la pembeni, asubuhi na jioni, kuanzia kama Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. La kusini hulipata miezi iliyobaki. Ukiwa na vyungu kwenye moja ya madirisha haya, panga kuvihamisha mara mbili kwa mwaka. Mmea uliofanya vizuri kaskazini mwezi wa Julai unaweza kuanza kurefuka Novemba hapohapo ulipo, na mwenye nyumba akabaki akilaumu udongo.

Jua la utosini Dodoma ni saa sita kamili?

Huwa ni baadaye kidogo, kati ya saa sita na dakika 20 na saa sita na dakika 50 kulingana na mwezi, kwa sababu saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari ulio mashariki zaidi ya Dodoma. Maana yake kwa maua ni kwamba jua la alasiri linaendelea kuwa kali hadi saa tisa na zaidi. Ukiondoa chungu dirishani saa saba ukidhani kilele kimeshapita, umekiondoa wakati kilele ndiyo kwanza kinaisha.

Nitajuaje chumba changu kina mwanga kiasi gani?

Weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu. Nyoosha mkono juu yake, kama sentimita 30, wakati jua limeshapanda na hakuna wingu. Kivuli kikitoka na kingo kali, unaona hadi vidole kimoja kimoja, mwanga huo ni wa Echeveria na kaktasi. Kivuli kikionekana ni cha mkono lakini kingo zake zimefifia, hapo pa Haworthia na Gasteria. Ukiona weusi hafifu usio na umbo, hapo weka Sansevieria au usiweke kitu. Rudia saa mbili asubuhi, saa saba na saa kumi, maana chumba kimoja hubadilika mara tatu kwa siku.

Simu nyingi zinaweza kuwekewa programu ya kupima mwanga kwa lux, kipimo cha ukali wa mwanga. Si sahihi sana, lakini kwa kulinganisha sehemu mbili za chumba inatosha. Nje, mchana usio na wingu, ni kama lux 100,000. Juu ya meza katikati ya sebule mara nyingi utasoma mia chache tu. Tofauti hiyo macho hayaioni, kwa sababu mboni hujipanua tunapoingia ndani na chumba kinaonekana cheupe tu. Mmea hauna mboni. Mtu akiniambia sebule yake ina mwanga mwingi, kwanza ninauliza chungu kiko umbali gani na dirisha. Kikizidi mita moja na nusu, karibu kila mara ndipo shida ilipo.

Madirisha yangu yana vioo vya tinti, wavu wa mbu na pazia. Nifanyeje?

Kila kimoja kinakula sehemu yake. Kioo cheupe hupitisha mwanga mwingi. Kioo cha tinti, hasa kile cheusi au cha bluu kilichojaa kwenye nyumba mpya, kinaweza kukuacha na nusu au chini ya hapo. Wavu wa mbu uliojaa vumbi unapunguza zaidi ya unavyodhani. Usiutoe, mbu ni wabaya kuliko ua lililorefuka. Ufue kwa maji na sabuni kila baada ya wiki chache kiangazi, halafu pima tena kwa karatasi. Pazia jepesi jeupe ni zuri dirisha la magharibi kwa sababu linachuja jua la alasiri. Pazia zito lifunguliwe asubuhi kabla hamjatoka kwenda kazini. Familia nyingi huacha mapazia yamefungwa siku nzima ili nyumba isipate joto, na ua lililo nyuma ya pazia hilo liko gizani mchana kutwa. Ukitaka kuyafunga, liweke ua upande wa dirishani, kati ya pazia na kioo, kama si dirisha la magharibi.

Ua langu limerefuka, majani yameachana na linaegemea dirishani. Linaumwa?

Linatafuta mwanga. Shina linakua haraka likitumia nguvu kidogo kwenye majani ili lifike penye mwanga. Kwenye Echeveria dalili ya kwanza huja kabla ya shina kurefuka: majani ya chini yanainama kuelekea udongoni, ua zima linafunguka na kulala bapa badala ya kujikusanya, na ile rangi ya waridi au zambarau inageuka kijani kibichi. Ukiliona katika hatua hiyo, kulisogeza dirishani kunatosha.

Shina likisharefuka halirudi kuwa fupi. Majani mapya yatatoka yakiwa yamebanana lakini sehemu ya kati itabaki uchi. Kata kichwa kwa kisu kisafi, ukiacha shina la sentimita tatu nne chini ya majani. Kiache kivulini siku tatu hadi saba mpaka kidonda kikauke kabisa, ndipo ukisimike kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa mtoni au kokoto ndogo. Subiri siku kadhaa kabla ya kumwagilia. Usilitupe shina lililobaki. Liache chunguni penye mwanga, mara nyingi huchipua vichwa viwili au vitatu. Majani uliyoyang'oa wakati wa kukata yalaze juu ya udongo. Ya Echeveria na Sedum huota mizizi yenyewe. Ila fanya haya yote baada ya kupata mahali penye mwanga bora, la sivyo miezi michache ijayo utakuwa unakata tena.

Majani yametokea mabaka meupe au ya kahawia. Na ncha nyekundu je?

Hayo ni mambo mawili tofauti. Baka la kuungua huanza kuonekana lenye rangi ya maziwa au ya majivu, upande ule ule uliotazama jua, kisha linakauka na kuwa la kahawia, gumu likiguswa. Halitapona. Jani likiwa bado nene liache, linaendelea kuulisha mmea, na litaanguka lenyewe wakati wake. Usilikate kwa ajili ya uzuri tu.

Ncha nyekundu, au aloe iliyogeuka rangi ya shaba, ni rangi ambayo mmea unaitengeneza kujikinga na mwanga mkali. Jani linabaki laini na nene. Wengine huitafuta rangi hiyo makusudi, na haina ubaya kama mmea unaendelea kukua. Aloe ikiwa ya shaba huku majani yamekunjamana na kuwa membamba, hapo imezidiwa, irudishe nyuma kidogo.

Unga mweupe juu ya majani ya baadhi ya Echeveria si ugonjwa na si vumbi. Ni nta inayokinga jua. Ukiifuta kwa kidole alama inabaki na sehemu hiyo inaungua upesi. Shika mmea kwa chungu, au kwa majani ya chini.

Nimenunua ua kwenye kitalu cha kando ya barabara. Niliweke wapi siku ya kwanza?

Muulize muuzaji, au angalia mwenyewe lilikuwa wapi: chini ya neti ya kivuli, chini ya mwembe, au juani kabisa. Lianzishe nyumbani kwenye mwanga unaokaribiana na huo.

Ukitaka kulipeleka kwenye jua zaidi, nenda polepole kwa wiki mbili. Siku tatu nne za kwanza lipe jua la saa moja hadi saa mbili asubuhi tu, kisha ongeza kama saa moja kila baada ya siku tatu. Liangalie kila jioni. Likianza kupauka, rudi nyuma hatua moja na ukae hapo wiki. Zoezi hilohilo linahusu ua la sebuleni unalotaka kulitoa barazani. Watu hulitoa ghafla asubuhi ya Jumamosi "likapate jua", wanatoka kwenda sokoni Majengo, wanarudi saa nane limeshababuka. Mchana mmoja unatosha kuliharibu, na kovu litakaa zaidi ya mwaka.

Mchana wenye wingu nao una hatari yake. Ukitoa ua siku ya mawingu linaonekana salama, kesho yake kunakucha kweupe na wewe uko kazini.

Msimu wa mvua nibadilishe nini?

Desemba hadi Aprili mawingu hupunguza mwanga, na hewa hubeba unyevu. Sogeza maua karibu zaidi na dirisha, lakini cha maana zaidi ni kupunguza maji. Mmea hutumia maji kulingana na mwanga unaoupata. Ua la dirisha la mashariki mwezi wa Septemba linaweza kutaka maji kila baada ya siku kumi. Ua hilohilo katikati ya chumba mwezi wa Januari linaweza kukaa wiki tatu bila shida. Mizizi inayooza ndiyo inayoua sakulenti za ndani, na mara nyingi chanzo ni mwanga mdogo uliokutana na kopo la maji la kila Jumapili. Ingiza kidole au kijiti cha mti hadi chini ya chungu. Kikitoka na udongo wenye unyevu, usimwagilie.

Sakulenti nyingi hufungua vitundu vya majani usiku kuvuta hewa na kuvifunga mchana ili zisipoteze maji. Kwa hiyo zinahitaji kiza cha usiku, na hili ni jibu pia kwa wanaouliza kama kuacha taa ikiwaka usiku kucha kunasaidia. Hakusaidii.

Vumbi la kiangazi lina athari?

Lina athari kubwa. Upepo wa Juni hadi Septemba hupaka majani vumbi jekundu, na jani lenye vumbi linapata mwanga pungufu hata likiwa dirishani. Yale nyororo, kama ya Crassula na Sansevieria, yafute kwa kitambaa chenye unyevu. Yenye manyoya au unga mweupe yapulizie hewa au yasafishe kwa brashi laini ya rangi. Maji yakibaki kati ya majani ya Echeveria yainamishe yatoke. Matone kwenye jani nyororo hayachomi, lakini maji yaliyotuama katikati ya ua huozesha.

Ofisini kwangu hakuna dirisha. Taa inatosha?

Taa ya darini haitoshi, iko mbali mno. Taa ya LED nyeupe, yenye maandishi ya kati ya 5000K na 6500K, ikining'inizwa sentimita 15 hadi 30 juu ya mmea na kuwaka saa 12 kwa siku, inatosha kwa Haworthia na Gasteria, na kwa Echeveria ikiwa na nguvu ya kutosha. Taa ya wati 10 kwa saa 12 kila siku inakula yuniti 3.6 za LUKU kwa mwezi. Mkono ukiuweka usawa wa majani ukahisi joto, ipandishe.

Njia nyingine, na mimi naipenda zaidi: kuwa na maua mawili, moja ofisini na moja kwenye dirisha la mashariki nyumbani, uyabadilishane kila wiki mbili. Chagua Sansevieria au Haworthia. Echeveria haipendi kuhamahama.

Nigeuze chungu mara ngapi?

Robo mzunguko kila wiki, siku yoyote utakayoikumbuka. Isipokuwa ua lililo kwenye jua kali la magharibi: hilo geuza kidogokidogo zaidi, kwa sababu upande wa nyuma haujazoea.

Rangi ya chungu ina maana?

Ndani, kidogo. Barazani, ndiyo. Chombo cheusi cha plastiki juani kinachemsha mizizi. Chungu cha udongo kinapumua na kupoa.

Naweza kuchimba aloe porini nikaileta ndani?

Usifanye hivyo. Karibu aloe zote za porini ziko kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na zinaota polepole. Omba chipukizi kwa jirani mwenye aloe vera uani. Huzaa watoto wengi pembeni. Kumbuka tu chipukizi la uani limekulia juani, kwa hiyo ndani lipe dirisha lenye mwanga zaidi ulilo nalo.

Na mnyaa, ule unaopandwa kuwa uzio, usiuingize ndani kwenye nyumba yenye watoto, hata kama unavumilia mwanga wowote. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari.